Ujumbe Ambao Mama Hakuusoma

Jumapili hiyo ya Desemba nilikuwa nyumbani kutoka shule ya bweni. Jina langu ni Thyra. Nina miaka kumi na sita, na sifa zangu hufika kila mahali kabla yangu.

Kwetu ni shamba la ng'ombe wa maziwa, upande wa magharibi wa Jutland, rasi ya kaskazini mwa Ulaya, ambako upepo haujawahi kuchukua likizo. Baba yangu anaitwa Torben na mama yangu Dorthe. Bibi Bodil, mama yake baba, anaishi nasi na ndiye mwenye jiko. Wa mwisho ni mdogo wangu Liv, ambaye ameanza shule mwaka huu na tayari anajua kila kitu.

Ng'ombe wetu hawakamuliwi kwa mikono. Hukamuliwa na roboti. Ng'ombe huja mwenyewe akijisikia, kama mgeni wa hoteli. Lango hufunguka, mkono wa roboti hutafuta chuchu, na maziwa hupita bombani mpaka kwenye tangi kubwa la baridi.

Lakini roboti haina macho. Inamtambua ng'ombe kwa kifaa alichovaa shingoni. Kompyuta ya ofisini ndiyo inayoiambia la kufanya. Huyu ni mzima, maziwa yake yaende kwenye tangi. Yule ametibiwa, maziwa yake yaende kwenye ndoo, yakamwagwe.

Wiki hiyo aliyetibiwa alikuwa mmoja tu, ng'ombe mweusi aitwaye Dagmar. Kiwele chake kilikuwa kimevimba. Jumamosi daktari wa mifugo alikuja akamtia dawa ya penisilini. Baba akamfunga Dagmar utepe mwekundu mguuni ili watu wajue. Mama akamwingiza kwenye kompyuta, katika orodha ya ng'ombe waliotengwa, ili roboti nayo ijue.

Sasa tuje kwenye suala zito la nisse. Nisse ni kijitu cha kofia nyekundu kinachoishi darini. Mwezi wa Desemba kazi yake ni kuwafanyia watu utundu. Kwa kuwa nisse mwenyewe ni mvivu, watoto humsaidia. Hutia chumvi kwenye bakuli la sukari. Hushona mikono ya koti la baba. Shuleni kwetu kazi hiyo hufanywa wiki nzima, na nasema kwa unyenyekevu mkubwa kwamba watu hunijia kuomba ushauri.

Jumamosi jioni nilikivalisha kofia nyekundu kipanya cha kompyuta ya ofisini. Kwenye kioo nikaweka picha ya nisse aliyetoa ulimi. Basi. Ofisini hilo tu. Naapa mbele ya bendera.

Asubuhi mama aliingia ofisini na kikombe cha kahawa. Mimi nilisimama mlangoni nikila mkate. Kwenye kioo, juu ya ile picha, palikuwa na kisanduku cheupe chenye maandishi mekundu. Mama akacheka.

"Wewe Thyra! Sasa umeamua kunitisha?"

"Mama, hicho si changu."

"Eti si chake! Na mimi ni malkia."

"Kweli, mama. Picha ni yangu. Kisanduku si changu."

"Nenda kamalize mkate wako, nisse we."

Akabonyeza alama ya kufunga. Kisanduku kikatoweka. Mimi nilikuwa nimesoma neno moja tu la juu: Onyo.

Muda si mrefu kompyuta ikaganda. Mama alikisogeza kipanya, mshale haukusogea. Akabonyeza kitufe hiki, akabonyeza kile, akabonyeza vyote kwa pamoja kama mtu anayepiga kinanda. Mwisho akamwita baba.

Baba ana dawa moja kwa mashine zote duniani. Trekta, redio, mashine ya kahawa: zima, kisha washa. Alijiinamisha chini ya meza akachomoa waya. Zizini roboti ikanyamaza. Ng'ombe wakainua vichwa. Ule ukimya sikuupenda. Ulikuwa kama ukimya wa darasa mwalimu mkuu anapoingia.

Baba akarudisha waya, akabaki peke yake ofisini. Baadaye alitoka akijifuta mikono.

"Imepona," alisema.

"Imesema chochote?" mama aliuliza.

"Imesema karibu."

Roboti ikaanza tena kazi. Sote tukasahau.

Mchana jirani yetu Regitze alikuja kula nasi. Regitze anafuga kondoo. Zamani kazi yake ilikuwa kupokea simu za watu ambao kompyuta zao zimewagomea, na kuwaongoza hatua kwa hatua. Anasema kondoo ni rahisi zaidi, kwa sababu hawasemi uongo.

Bibi alikuwa amepika uji wa mchele kwa maziwa, ule wa Desemba, wenye mdalasini na kipande cha siagi katikati. Maziwa aliyateka kwa jagi kutoka kwenye tangi letu, kama alivyofanya maisha yake yote. Maziwa ya dukani, kwa maoni yake, ni maji yaliyopakwa chokaa.

Mama alinituma zizini kumwita baba aje kula. Baba alikuwa upande wa ndama. Nilipita karibu na roboti, na hapo nikamwona Dagmar. Alikuwa amelala, anacheua, utepe mwekundu mguuni.

Pembeni mwa roboti pana kioo kidogo. Kinaonyesha ng'ombe waliokamuliwa, na maziwa ya kila mmoja yalikoelekea. Nilikitazama bila sababu. Jina la tatu tangu roboti iwashwe upya lilikuwa Dagmar. Mbele yake palikuwa na neno moja.

Tangi.

Nilisoma tena. Nilifuta kioo kwa mkono wa sweta langu, nikidhani ni uchafu. Tangi.

Alfajiri lori lilikuwa limechukua maziwa yote na tangi likaoshwa. Kwa hiyo maziwa yaliyokuwemo yalikuwa ya ng'ombe wachache tu. Na mmoja wao alikuwa Dagmar.

Ndipo nikakumbuka jagi la bibi, na kwamba moto wa jiko hauiondoi penisilini. Kisha nikamkumbuka Liv.

Lazima nieleze. Liv hapatani na penisilini. Ana mzio nayo. Alipokuwa mdogo alipewa dawa hiyo kwa ajili ya koo. Uso ulimvimba mpaka macho yakafungika. Akivuta pumzi, kifua kililia kama filimbi. Daktari alisema mara ya pili inaweza kuwa mbaya zaidi. Tangu siku hiyo kalamu ya sindano ya dharura huning'inia jikoni, kwenye mfuko mwekundu. Hakuna mtu nyumbani kwetu anayeutania mfuko huo. Hata mimi.

Nilikimbia. Nilimpita baba uani nikimpigia kelele anifuate. Nilijikwaa kwenye ngazi, nikaingia jikoni na mabuti yenye samadi.

Liv alikuwa anakwangua bakuli. Bibi humpakulia mtoto kwanza.

"Acha kula! Liv, weka kijiko chini!"

"Mabuti!" bibi alifoka.

"Mama, Dagmar amekamuliwa kwenye tangi!"

Mama alishusha pumzi. "Thyra, mwanangu. Umenichekesha asubuhi. Sasa inatosha. Tuna mgeni."

Baba aliingia nyuma yangu. "Ehe, na nisse amepanda trekta?"

"Sitanii!" Sauti yangu ilipanda juu kama ya mbuzi. "Naapa sitanii!"

"Jana pia uliapa," baba alisema, "na koti langu lilikuwa limeshonwa mikono."

Sijawahi kuogopa kiasi kile. Nilikuwa na jambo la kweli mdomoni, na hakuna aliyetaka kulipokea. Nilimtazama Liv. Alikuwa analamba kijiko.

Regitze alisukuma bakuli lake mbele.

"Subirini kwanza. Mtundu akitania, huwa anawachungulia wenzake aone kama wamecheka. Huyu hamtazami mtu isipokuwa mdogo wake. Nani ameigusa kompyuta leo?"

Mama na baba walitazamana.

"Mimi sikugusa kitu," alisema mama.

"Hata mimi," alisema baba.

Regitze alitikisa kichwa. "Kila aliyenipigia simu alianza hivyohivyo. Sikugusa kitu, imejiharibu yenyewe. Kisha tulipoteza muda kutafuta kile alichokuwa anakijua tangu mwanzo. Sikilizeni. Mimi sitafuti mkosaji. Natafuta kujua mtoto amekula nini."

Rangi ilimtoka mama usoni.

"Kulikuwa na ujumbe," alisema polepole. "Asubuhi. Nilidhani ni utundu wa Thyra. Niliufunga."

"Ulisema nini?"

"Sijui. Sikuusoma."

"Kisha?"

"Kisha ikaganda. Nikabonyeza vitufe ovyo. Nikamwita Torben."

Baba alikuwa ameshika kiti kama mtu aliye kwenye meli. "Nikachomoa waya. Iliporudi ilileta maneno mengine. Nikabonyeza 'Sawa'."

"Maneno gani?"

"Kitu kuhusu orodha. Regitze, nilikuwa na haraka. Mimi hubonyeza 'Sawa' kila siku."

"Orodha ya waliotengwa?"

Baba aliitikia kwa kichwa.

Regitze alimgeukia bibi. "Bodil, jagi ulilijaza lini? Kabla ya Torben kuchomoa waya, au baadaye?"

Bibi alikaa chini. "Nilisikiliza ibada ya redioni mpaka mwisho," alisema. "Ndipo nikaenda. Roboti ilikuwa inakamua."

Waya ulichomolewa kabla ibada haijaanza. Ilikuwa baadaye.

"Mama," alisema Liv, "mdomo unaniwasha."

Tulimgeukia sote. Midomo yake ilikuwa imeanza kuvimba. Shingoni yalikuwa yametokea mabaka mekundu. Alikuwa anajikuna kwa mikono miwili.

Baba alipiga simu ya dharura. Sauti ya mwanamke iliuliza maswali mafupi. Amekula nini? Lini? Ana mzio wa nini? Baba aliweza kujibu yote. Uji wa maziwa. Sasa hivi, bakuli zima. Maziwa yana penisilini, tuna uhakika. Mwanamke hakubahatisha, kwa sababu baba hakuficha.

Kisha tukaisikia. Filimbi. Ilitoka kifuani mwa Liv, nyembamba, kila alipovuta pumzi.

"Mpeni sindano sasa," ilisema simu. "Pajani, upande wa nje. Mnaweza kuichoma juu ya nguo. Mketisheni. Asisimame, asitembee. Gari limeshatoka."

Mama alichukua kalamu kutoka kwenye mfuko. Akaichoma sawasawa. Liv alilia. Sijawahi kufurahia kilio cha mtoto kama siku ile, maana kulia kunahitaji pumzi.

Tukangoja. Mama alimketisha Liv mapajani. Bibi alimshika mguu, akawa anasema maneno bila sauti. Mimi nilisimama dirishani nikitazama barabara. Upepo ulitikisa vioo na kila mara nilidhani ni gari. Filimbi ilipungua. Kisha ikaongezeka kidogo. Kisha ikapungua tena. Hatimaye taa za bluu zikatokea kwenye kona ya kanisa.

Wahudumu walimvalisha Liv kinyago cha hewa, wakambeba. Mama alikwenda naye bila koti.

Gari lilipoondoka, bibi alitoka na sufuria ya uji akaumwaga wote nje. Baba alibaki amesimama uani.

"Torben," alisema Regitze, "roboti bado inakamua. Njoo tuisimamishe."

"Wacha kwanza roboti."

"Maziwa bado yanaingia kwenye tangi, na hatujui programu imesahau nini kingine. Mtoto yuko mikononi mwa madaktari. Hii iliyobaki ni kazi yetu."

Wakaisimamisha roboti na kulifunga bomba la tangi. Kisha tukaingia ofisini sote watatu. Nilitarajia Regitze akae chini na kuanza kubonyeza. Hakufanya hivyo. Alisimama mbele ya kompyuta, mikono nyuma ya mgongo, kama mtu anayetazama mbwa asiyemjua.

"Hatua ya kwanza ni mikono," alisema. "Iondoe. Kompyuta ikikosea, mtu huogopa, na mwenye hofu hubonyeza. Kila kitufe unachobonyeza kwa hofu ni matope mapya kwenye maji. Halafu?"

"Kusoma," nilisema.

"Kusoma kwa sauti. Hata kama huelewi. Halafu piga picha kwa simu yako, kwa sababu ujumbe hutoweka na kumbukumbu ya mwenye hofu haifai kitu. Picha hiyo ndiyo utakayomsomea fundi."

Akatuonyesha mahali ambapo programu hutunza jumbe zake za nyuma. Zilikuwa mbili.

"Wewe soma, Torben."

Baba alisoma. "Onyo. Taarifa za jana hazijahifadhiwa. Usizime kompyuta. Piga simu kwa fundi." Alimeza mate, akasoma wa pili. "Orodha ya ng'ombe waliotengwa ni ya zamani. Ihakiki kabla ya kukamua."

Akazisoma tena zote mbili.

"Ilikuwa imeandikwa," alisema. "Tena kwa lugha yetu."

"Kuzima na kuwasha si dhambi," alisema Regitze. "Mara nyingi husaidia. Lakini kwanza jiulize: nikizima, nitapoteza nini? Na ikirudi usiseme imepona. Iulize. Bado unamkumbuka Dagmar? Bado unajua ya jana? Mtu aliyezimia akizinduka, unamuuliza jina lake, sivyo?"

"Na neno 'Sawa'?" niliuliza.

"'Sawa' maana yake nimesoma na nimekubali. Kama hujasoma, hiyo ni sahihi yako chini ya karatasi usiyoijua."

Kisha alinitazama mimi. Nilijua anakoelekea.

"Na wewe, bingwa. Onyo la mzaha huua onyo la kweli. Mtanie mtu unavyotaka. Usiitanie mashine ambayo watu wanaitegemea."

Nilikuwa na jibu zuri sana la kumrudishia. Sikulitoa.

Simu ya baba ililia. Aliipokea kwa mikono miwili. Sauti ya mama ilisikika mpaka niliposimama. Liv anapumua vizuri. Atalala hospitali usiku huo aangaliwe, maana dalili huweza kurudi. Ameomba sharubati, na amemwambia daktari kwamba viatu vyake ni vibaya.

Baba aliketi kwenye kiti cha ofisini, akafunika uso. Regitze alitoka nje kidogo kuwatazama ng'ombe.

Kesho yake fundi alikuja. Aligundua kwamba nafasi ya kuhifadhia kumbukumbu ilikuwa imejaa, ndiyo maana taarifa mpya hazikuingia. Alirekebisha, na akaweka kumbukumbu ya pili mahali pengine. Maziwa ya tangi yalimwagwa yote, na tangi likaoshwa.

Mama aliporudi na Liv, alituita sote mezani. Hakumlaumu mtu. Alisema, "Kuanzia leo, mashine ikisema jambo, tunasoma. Tusipoelewa, tunasimamisha ukamuaji na kuuliza. Na aliyebonyeza, aseme mara moja. Nyumba hii haitamgombeza mtu kwa kusema alichobonyeza." Kisha akaongeza, "Mimi nilibonyeza kwanza, kwa hiyo mimi nasema kwanza." Akasema, na baba akafuata.

Liv sasa hunywa maziwa ya dukani. Bibi mwenyewe ndiye huyanunua, na huyabeba kwa heshima kama dawa. Nisse wetu amepigwa marufuku ofisini. Anaruhusiwa chooni na kwenye makoti.

Mwezi wa pili nilikuwa nyumbani tena. Tulikuwa tunakunywa chai ya asubuhi mlango ulipofunguka kwa nguvu. Baba alisimama kizingitini, uso mweupe, mabuti miguuni.

"Nimebonyeza kitu nisichokijua," alisema. "Kioo kimekuwa cheusi. Roboti nimeshaisimamisha. Njooni."

Hakuna aliyeuliza kwa nini. Hofu ilikuwa ileile. Lakini safari hii tulikuwa nayo wote, si kila mtu na yake mfukoni. Mama alichukua simu. Ofisini alisimama mikono nyuma, akasoma maneno machache yaliyokuwa kwenye kioo kwa sauti kubwa, neno kwa neno. Akapiga picha. Akampigia fundi, akamsomea. Baba akaeleza alichokuwa anafanya na kitufe alichogusa.

"Asante kwa kusema," fundi alisema. "Umenipunguzia kazi ya siku nzima."

Akatuongoza mpaka programu ikarudi. Mama hakusema imepona. Alifungua orodha ya waliotengwa. Ilikuwa tupu. Wakati huo ng'ombe wawili walikuwa wametibiwa, na walikuwa wamesimama mbele ya lango la roboti, tepe nyekundu miguuni, wakisubiri kwa subira ya ajabu. Mama akawaingiza upya, mmoja baada ya mwingine. Baba akaenda kuwatazama kwa macho yake, akarudi akathibitisha. Ndipo lango likafunguliwa.

Maziwa ya wale wawili yaliingia kwenye ndoo.

Tuliporudi jikoni Liv alikuwa bado mezani. Alikuwa amemaliza glasi yake na anadai nyingine. Midomo yake ilikuwa na povu jeupe la maziwa, na kifuani mwake hakukuwa na sauti yoyote. Mama alimmiminia, akaketi, akabaki anamsikiliza akinywa.